Mabano Nyuma ya Jina la Chaza

Chaza wa lulu anayefugwa na akina mama katika baadhi ya vijiji vya Zanzibar huandikwa katika vitabu vya elimu ya viumbe kwa jina la Pinctada margaritifera (Linnaeus, 1758), na msomaji asiyezoea maandishi ya aina hiyo huenda akayapita mabano akidhani ni pambo, ilhali ndiyo yanayobeba historia ya jina zima. Neno la kwanza hutaja jenasi, yaani kundi la spishi zenye nasaba ya karibu; la pili huitambulisha spishi yenyewe; kisha hufuata mtaalamu aliyeitangaza na mwaka alioitangaza. Mabano humaanisha kwamba spishi imehamishwa kutoka katika jenasi yake ya awali, kwani Carl Linnaeus wa Sweden aliiita Mytilus margaritiferus katika toleo la 10 la Systema Naturae, ambalo ndilo mwanzo rasmi wa majina ya wanyama. Hata mwisho wa neno la pili umebadilika, kwa kuwa Kilatini nacho kina upatanisho wake wa kisarufi. Tridacna squamosa Lamarck, 1819, chaza mkubwa wa kwenye matumbawe, hana mabano kwa sababu hajawahi kuhamishwa.

Jenasi Pinctada yenyewe ina asili isiyotarajiwa. Ilitangazwa na Peter Friedrich Röding mwaka 1798 katika katalogi iliyotayarishwa huko Hamburg kwa ajili ya kuuza mkusanyo wa makombe wa marehemu Joachim Friedrich Bolten, na kwa miaka mingi wataalamu hawakuijali, wakatumia jina Meleagrina la Lamarck. Hata hivyo, kanuni ya utangulizi, inayolipa haki jina halali lililochapishwa mapema zaidi, haiulizi hadhi ya mwandishi, na hivyo orodha ya mnada ikamshinda Lamarck, mwanazuoni mashuhuri wa Paris.

Kupanga makundi ni kazi nyingine, yenye ubishi zaidi. Chaza, kombe na kome wa baharini wamo katika ngeli ya Bivalvia, moluska wasio na kichwa, wenye magamba mawili yaliyoungwa kwa bawaba, na spishi zake zinazoishi baharini hukadiriwa kuwa takriban 8,000. Wapo waliotaka ngeli hiyo ijulikane kwa matamvua, wakaiita Lamellibranchia, na wengine kwa mguu, wakaiita Pelecypoda. Wataalamu wa zamani walitegemea sana meno ya bawaba, kama ule mstari mrefu wa vijino vidogo unaomtambulisha kombe, Anadara antiquata, na hawastahili kubezwa, maana kwa spishi zilizotoweka mara nyingi kilichosalia ni gamba tu. Lakini gamba hudanganya: Teredo, anayetoboa mbao za vyombo, ana umbo la mnyoo, na magamba yake mawili yamebaki kuwa madogo mno upande wa mbele, yakitumika kukereza mti.

Uchunguzi wa chembe za urithi umeongeza ushahidi mpya, na familia iliyokuwa ya Tridacna na jamaa zao wa karibu sasa huhesabiwa kuwa tawi la familia nyingine ya ngeli hiyo, Cardiidae. Majina ya spishi hizo hayakuguswa na mabadiliko hayo, kwa kuwa familia si sehemu ya jina la spishi.