Soko bila serikali: Somo kutoka Somalia

Kwenye foleni ya forodha husikika kauli hii: serikali ingekaa kando, biashara ingenyooka. Jirani zetu wa Somalia waliwahi kuishi hivyo kwa miaka mingi, na hawakuchagua wenyewe.

Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, benki kuu ilianguka nayo. Biashara haikufa. Shilingi ya Kisomali iliendelea kupokelewa sokoni. Fedha za ndugu walio ughaibuni zilipitia kwa mawakala wa hawala. Kampuni za simu zilishindana hadi kupiga simu ng'ambo kukawa rahisi kuliko katika nchi nyingi jirani. Ng'ombe wa bonde la Juba waliendelea kuvuka mpaka kwa miguu hadi mnada wa Garissa, Kenya. Walioshikilia yote hayo ni ukoo, dini na dalali anayejulikana, anayemdhamini muuzaji kwamba mnyama si wa wizi.

Lakini daftari lina kurasa mbili. Wenye nguvu walichapisha noti zao nje ya nchi, na mwenye akiba kibindoni akaona thamani yake ikiyeyuka. Barabarani kila kundi la wanamgambo liliweka kizuizi chake. Mwenye lori alilipa mara nyingi katika safari moja, na asiye na ukoo mkubwa hakuwa na wa kumtetea. Mwaka 2000 Saudi Arabia ilipiga marufuku mifugo ya Pembe ya Afrika kwa hofu ya Homa ya Bonde la Ufa. Mfanyabiashara wa Mogadishu hakuwa na serikali inayotambulika ya kumpa cheti cha afya ya mnyama. Dalali wake aliaminika Garissa, lakini Jeddah hawakumjua.

Wafanyabiashara wenyewe walitoa jibu. Wengi wa Mogadishu walichangia fedha kwa mahakama za Kiislamu ili wapate usalama wa mali zao. Mwaka 2006 mahakama hizo ziliushika mji na kuviondoa vizuizi. Watu waliokuwa na soko huru kuliko wote walitoa fedha mfukoni kununua sheria.

Soko bila serikali, basi, linaweza kuendelea kuuza na kununua. Haki ndiyo inayopungua, kwa sababu mtozaji yupo palepale, ila hana ofisi ya kushtakiwa.

Machi 2024 Somalia ilikamilisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Katika Jumuiya hiyo, mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zisizozidi dola 2,000, anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili. Kiulize mpakani kabla ya kufikiria njia ya panya. Ukilipa chochote, dai risiti: ndiyo inayokuonyesha wa kumuuliza kesho.