Kwa nini viongozi wanaulizana juu ya pesa

(Muziki unapungua)

Mara ya kwanza niliposikia redioni wabunge wa Kigali wakimbana mkurugenzi kwa maswali, nilifikiri serikali inaanguka. Mkubwa mzima alikuwa anajibu polepole, kama mtoto aliyepoteza chenji ya dukani. Kumbe ni kazi ya kila mwaka.

Iko hivi. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anapita kwenye wizara, wilaya na mashirika ya serikali, anaangalia pesa imetumika namna gani. Ripoti yake inafika Bungeni, pale Kimihurura, kabla wabunge hawajaanza kujadili bajeti ya mwaka unaofuata. Tangu 2011 kuna kamati ya wabunge, watu wanaiita PAC, inayowaita wakubwa hao. Mkataba huu nani alitia saini? Mbona kazi haijaisha?

Wakubwa nao wanajitetea: bei ya saruji imepanda, mkandarasi amekimbia, tenda inachukua muda mrefu. Wakati mwingine wanasema kweli. Mwenye kazi anataka kwenda haraka, mkaguzi anataka karatasi.

Lakini sikia hili: kubana matumizi si kukataa kutumia. Mashine iliyonunuliwa ikabaki stoo inaandikwa kwenye ripoti, kama vile pesa iliyotoka bila risiti. Kamati haifungi mtu jela. Inatoa mapendekezo, na penye harufu ya wizi kesi inaweza kwenda kwa waendesha mashtaka.

Sisi inatuhusu nini? Bajeti ya Rwanda ya mwaka 2025/26 ilipitishwa ikiwa faranga bilioni 7,032.5. Watoto wetu wengi wanasoma shule moja na watoto wa wenyeji, kwa hiyo darasa likichelewa kujengwa, na wa kwetu wanabanana kwenye benchi.

Chakula ni habari nyingine. PAM ilipopunguza msaada kwa asilimia 60 mwaka 2021, mama mmoja aliniuliza kwa nini wabunge hawakumwita mtu. Mama, pesa ile haitoki Kimihurura. Inatoka kwa nchi wafadhili. Maswali ya chakula wapelekee PAM na HCR siku wanapokuja kwenye mkutano. Ya darasa, anza na mkuu wa shule.

(Muziki)