Ndege ya Mwalimu, na Jina Lililotokea Kwenye Simu

Leo tuache kidogo mambo ya ada na salio, twende Bomet kwa mzee mmoja anayerusha ndege.

Si ndege ya abiria. Ni ndege ya rimoti, mabawa yake yana upana wa mita moja na kidogo, na imetengenezwa kwa ile foam nyeupe inayokuja imezunguka televisheni mpya ndani ya boksi. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu na mkulima wa chai upande wa Sotik. Alituomba tusitaje jina lake. "Semeni tu mwalimu," alituambia. Basi ni mwalimu.

Alianza akiwa mtoto, kwa mabua ya mahindi na karatasi za daftari. Rimoti yake ya kwanza ilikuwa mtumba, yenye antena ndefu. Zamani hizo kila rimoti ilikuwa na chaneli yake, na mwenzako akiwasha ya kwake kwenye chaneli hiyohiyo, ndege yako haijui tena imsikilize nani. Inaanguka. Ndiyo maana vilabu vya ng'ambo vilikuwa na ubao wa vibanio vya nguo: unachukua kibanio cha chaneli yako, na asiye na kibanio hawashi. Rimoti za leo, za gigahezi 2.4, huunganishwa kwanza na rasiva iliyo ndani ya ndege, na kuanzia hapo rasiva haitii rimoti nyingine. "Ni kama PIN," mwalimu anasema, "ila rasiva hakuna mtu wa kuipigia simu aidanganye."

Kurusha ndege huku si sawa na kurusha Mombasa. Kericho na Bomet ziko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano. Bawa linabeba uzito mdogo zaidi, kwa hiyo lazima ndege iende kasi ndiyo isianguke, na propela nayo haiishiki hewa vizuri. Ramani nyingi za kwenye intaneti hazikuchorwa kwa hali hii, kwa hivyo mwalimu hurefusha bawa na kupunguza uzito kila anapoweza. Injini ndogo za mafuta huishiwa nguvu huku juu, lakini mota ya betri haijali. Yeye hurusha asubuhi, upepo ukiwa bado umelala. Mchana ni wa mvua, na mvua ya mawe ya Kericho inajulikana. Foam haiiwezi.

Na chai je? Ukiiona kwa mbali utadhani ni zulia la kutulia ndege. Kwa kweli majani huipokea kama godoro. Shida ni kuifuata: matawi ya chini ni magumu, yanachana bawa, na hakuna mkulima anayependa kukanyagiwa chai. Kwa hivyo yeye hutumia uwanja wa shule wikendi, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, mbali kabisa na Kerenga, uwanja mdogo wa ndege wa Kericho. Ukitaka kuanza, ongea na KCAA kwanza. Wao ndio wasimamizi wa anga.

Sasa tuje kwenye pesa, maana ndiyo kazi yetu.

Bonasi ya chai ilipoingia Oktoba, mwalimu alitenga shilingi 12,000 za rimoti mpya. Mjukuu wake alikuwa anakuja likizo ya Desemba, na alikuwa ameahidiwa kuirusha ndege mwenyewe. Mtandaoni akaona tangazo la rimoti na rasiva yake, nusu ya bei ya dukani. Muuzaji alikuwa na haraka, eti kuna mtu mwingine anakuja kuichukua saa nane. Mwalimu akaingiza namba, simu ikamwonyesha jina la mpokeaji. Halikuwa la muuzaji. Akapiga kuuliza. "Hiyo ni laini ya bibi yangu, mzee, tuma tu." Akaweka PIN.

Siku mbili alikaa stendi akingojea mzigo kwa matatu ya Nairobi. Akapigiwa tena: iongezwe 1,500 ya kutoa mzigo. Akatuma. Siku ya tatu laini ilikuwa imezimwa, ndipo akatupigia sisi.

Tulipofuatilia, pesa zilikuwa zimetolewa kwa wakala siku ileile zilipotumwa. Hatukuweza kuzirudisha. Tunasema hivyo waziwazi kwa sababu wateja wengi hudhani kurejesha muamala ni kubonyeza tu. Pesa ikiwa bado kwenye akaunti ya mpokeaji, tuna la kufanya. Ikishatolewa, kinachobaki ni kwenda polisi na rekodi za muamala. Ukishuku kitu, tupigie dakika hiyohiyo, usingoje siku ya tatu.

Mama watoto hakuambiwa kwa wiki mbili. Alikuja kujua pesa ya mbolea ilipopungua, na hayo mengine hatukuuliza.

Desemba mjukuu alifika. Walitengeneza ndege ya kurusha kwa mkono, isiyo na rimoti wala mota, na mtoto akaicheza bila kulalamika. Hilo, mwalimu anasema, ndilo lililomuuma zaidi.

Aprili alipanda matatu mwenyewe hadi Luthuli Avenue, Nairobi. Muuzaji akaunganisha rimoti na rasiva palepale kauntani, mkia wa ndege ukapinda kulia na kushoto, ndipo mwalimu akatoa simu na kulipa kwa till. Jina lililotokea lilikuwa lile lililoandikwa juu ya mlango wa duka. Alilisoma mara mbili, watu wakimngoja nyuma. Kwa vitu vidogo kama propela hasafiri: mpwa wake wa Nairobi huenda dukani, anakikagua kitu, kisha yeye analipa till akiwa nyumbani.

Mjukuu alishika rimoti Agosti. Ndege ilikaa hewani dakika nne, ikaingia kwenye chai ya jirani. Bawa lilipasuka, wakaliunga kwa selotepu waliyonunua stendi. Shilingi 50, kwa till.