Msichana aliyeona kiumbe ambacho vitabu vilisema hakikuwapo

Ndugu msomaji, katika jumba la makumbusho la mji wa Leicester, nchini Uingereza, kumehifadhiwa jiwe la kijivu ambalo mtu mwenye haraka angeweza kulipita bila kulitupia jicho. Lakini akisimama kidogo na kulitazama, ataona juu yake alama iliyo kama unyoya mkubwa wa ndege, au kama jani la kangaga, yenye urefu wa shubiri moja hivi. Katikati ya alama hiyo umepita mstari uliopindapinda, na kutoka kila upande wa mstari huo hutokea vijitawi vilivyopangana kwa zamu, kimoja huku na kimoja kule. Kila kijitawi nacho kimegawanyika katika vijitawi vidogo zaidi.

Hilo si jani, wala si unyoya. Ni chapa ya kiumbe laini kilichoishi chini ya bahari yapata miaka milioni 560 iliyopita. Hakikuwa na mfupa, gamba wala jino. Wataalamu wamekiita Charnia masoni. Neno la kwanza latokana na Charnwood, eneo la msitu na vilima karibu na mji huo. La pili latokana na jina la mvulana wa shule. Hata hivyo, kisa chake hakikuanza na mvulana huyo. Kilianza na msichana, na ndicho kisa ninachopenda tukitafakari pamoja leo, hasa sisi tulio na watoto nyumbani.

Umri wa ajabu

Kwanza hatuna budi kuuelewa umri huo, maana maneno "miaka milioni" hutamkwa upesi kuliko yanavyofahamika. Zile nyayo za viumbe waliotembea wima, zilizogunduliwa Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 1978, zina umri wa miaka milioni 3.6 hivi. Mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, ni ya miaka milioni 150 iliyopita. Charnia ni mkongwe kuliko wote hao. Uzidishe umri wa nyayo za Laetoli zaidi ya mara 150, ndipo utaufikia umri wake. Siku zile nchi kavu haikuwa na mti, wala jani la nyasi, wala mdudu, wala ndege. Hata samaki walikuwa bado hawajatokea baharini.

Sasa yawezekanaje kiumbe laini kama hicho kuacha alama iliyodumu muda wote huo? Aliyewahi kumwona yavuyavu aliyeachwa ufukoni na maji kupwa anajua kwamba jua la siku moja lamtosha: kufikia jioni hubaki unyevunyevu tu juu ya mchanga. Mfupa na kombe hudumu, nyama huoza. Ndiyo sababu visukuku vingi tuvijuavyo, yaani mabaki na chapa za viumbe wa kale zilizohifadhiwa katika mawe, ni vya wanyama wenye mifupa au magamba.

Huko Charnwood kilichookoa alama hiyo ni volkano. Mahali ambapo leo pana vilima na miti palikuwa zamani sakafu ya bahari yenye kina kirefu, na karibu yake palikuwa na milima ya moto. Matope yaliyochanganyika na majivu ya volkano yaliporomoka chini ya maji, yakawafunika viumbe hao ghafula mahali walipokuwa, na baadaye yakagandamana yakawa mwamba. Nyayo za Laetoli nazo zilihifadhiwa na majivu ya volkano, ingawa hizo zilikuwa za nchi kavu na za wakati wa karibu zaidi.

Neno "hakuna"

Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba katika miamba ya kale kiasi hicho hamna kisukuku cho chote kinachoonekana kwa macho. Mpaka waliouweka ulikuwa ni mwanzo wa kipindi kiitwacho Kambria, ambacho leo huhesabiwa kuwa kilianza miaka milioni 539 hivi iliyopita. Juu ya mpaka huo miamba imejaa mabaki ya wanyama wa kila namna; chini yake, ilisemwa, ni kimya. Jambo hilo lilimsumbua hata Charles Darwin. Katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1859 alikiri kwamba hakuwa na jibu la kuridhisha: ikiwa viumbe vimebadilika polepole, wako wapi wazazi wa wanyama hao wa Kambria?

Si kwamba dalili hazikuwapo. Visukuku vya namna hiyo vilikwisha kuokotwa Namibia tangu mwaka 1908. Mwaka 1946 mwanajiolojia Reginald Sprigg aliona chapa za viumbe laini katika vilima vya Ediacara, kusini mwa Australia. Lakini tatizo lilikuwa moja kila mara. Palipoonekana kisukuku, ilikuwa rahisi kusema kwamba mwamba wenyewe ni wa Kambria, kwa kuwa kabla ya Kambria "hakuna" visukuku. Tazama, ndugu msomaji, jinsi hoja hiyo inavyojizungusha kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi. Kwa hoja kama hiyo hakuna ushahidi uwezao kushinda, kwani kila ushahidi hugeuzwa kabla haujasikilizwa.

Karatasi ya kwanza

Mwaka 1956 msichana wa shule aitwaye Tina Negus, mwenye umri wa miaka 15, alikuwa katika msitu wa Charnwood, akaiona alama ile kwenye uso wa mwamba katika chimbo la mawe. Alikuwa msomaji. Alijua kwamba miamba ya Charnwood ni ya kabla ya Kambria, na alijua vitabu vilivyosema juu ya miamba ya namna hiyo. Kwa sababu hiyo hasa alishangaa.

Alimwendea mwalimu wake wa jiografia akamweleza. Mwalimu akamjibu kwamba katika miamba ya kabla ya Kambria hamna visukuku. Msichana akasema hilo analifahamu, na ndilo linalomtatiza. Basi, akasema mwalimu, miamba hiyo si ya kabla ya Kambria. Msichana akamhakikishia kwamba ndiyo. Mwalimu akalirudia jibu lake la kwanza, na mazungumzo yakaishia hapo.

Tina hakukata tamaa mara moja. Alirudi pale chimboni, akaweka karatasi juu ya mwamba, akasugua kwa penseli mpaka umbo lote likajitokeza, kama watoto wafanyavyo kwa sarafu. Alikuwa sasa na ushahidi mkononi, lakini hakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Karatasi ya pili

Mwaka uliofuata, 1957, wavulana watatu wa shule walikwenda kupanda miamba mahali palepale. Mmoja wao, Roger Mason, naye aliiona alama, naye akatandika karatasi na kusugua kwa penseli. Tofauti ni kwamba baba yake Roger alifahamiana na Trevor Ford, aliyekuwa akifundisha jiolojia katika Chuo Kikuu cha Leicester. Kijana akampelekea karatasi. Ford hakuishia kusema haiwezekani. Alifunga safari akaenda kuutazama mwamba kwa macho yake.

Mwaka 1958 Ford alichapisha maelezo ya kiumbe hicho na kukipa jina la mvulana aliyemletea habari. Tangazo hilo lilikuwa zito, kwa kuwa umri wa miamba ya Charnwood ulikuwa haubishaniwi. Mtaalamu Martin Glaessner, aliyekuwa akifanya kazi Australia, alitambua kwamba chapa za Ediacara ni za jamii hiyohiyo ya kale. Mlango uliokuwa umefungwa ukafunguka kwa pande zote. Mwaka 2004 wanajiolojia wa dunia walikiweka rasmi kipindi kipya katika hesabu ya wakati, wakakiita kwa jina la vilima vile: Ediakara.

Kiumbe gani?

Ford alidhani ni namna ya mwani. Lakini mwani huhitaji mwanga, na wakazi wa Charnwood waliishi kwenye kina ambako mwanga wa jua haufiki. Glaessner alikifananisha na wanyama wa baharini wenye umbo la unyoya wa kuandikia, walio jamaa za matumbawe. Baadaye ilionekana kwamba wanyama hao huongeza matawi mapya upande wa chini, ilhali Charnia iliongeza matawi yake mapya kwenye ncha. Leo wataalamu wengi wanaihesabu kuwa mnyama, mmoja katika wa kwanza kabisa, ingawa hana ndugu wa karibu aliye hai. Ilisimama ikiwa imejishikiza kwenye sakafu ya bahari kwa kitako cha mviringo. Hauonekani mdomo, wala tumbo. Yadhaniwa kwamba chakula chake ilikipata katika maji yaliyoipitia, na kwamba wingi wa vijitawi ulikuwa ni njia ya kuongeza eneo la kukipokelea.

Charnia imekwisha kuonekana pia Newfoundland nchini Kanada, Urusi na Australia. Si mgeni wa kilima kimoja, bali ni raia wa bahari nyingi za kale.

Haki ya jina

Miaka kadhaa baadaye Tina Negus alikwenda kwenye makumbusho ya Leicester, akaliona jiwe lake limewekwa hadharani kwa jina la mtu mwingine. Majina ya kisayansi hayabadilishwi kwa ajili ya haki ya namna hiyo, na kiumbe kitaendelea kuitwa masoni. Lakini Roger Mason, ambaye alikuja kuwa profesa wa jiolojia, amekiri wazi kwamba msichana huyo alimtangulia, na maelezo ya makumbusho nayo yamekuja kulisema hilo.

Neno "hakuna" lilimnyima mtu mwingine pia. David Attenborough, mtangazaji mashuhuri wa habari za viumbe, alikulia Leicester na kusoma shule ileile ya Mason. Utotoni alipenda sana kutafuta visukuku, lakini miamba ya Charnwood aliiacha kwa kuwa alifundishwa kwamba ni ya kale mno kuwa na kitu. Mwaka 2022 kiumbe kingine kutoka miamba hiyohiyo, jamaa ya yavuyavu na matumbawe, kilipewa jina kwa heshima yake: Auroralumina attenboroughii.

Tusiwe wepesi wa kumhukumu yule mwalimu. Alilolisema ndilo lililoandikwa vitabuni, na wasomi wakubwa kuliko yeye walisema vivyo hivyo. Kosa lake lilikuwa kujibu bila kwenda kutazama. Tina na Roger walikuwa na macho yaleyale, penseli ileile na karatasi ileile. Kilichowatenganisha ni mtu mzima mmoja aliyekubali kuondoka kitini.

Basi, mzazi mwenzangu, na wewe mwalimu, mtoto atakapokuja kwako na jambo usilolijua, huku umechoka na kazi za kutwa, usiharakishe kusema haiwezekani. Muulize amekiona wapi. Kisha, siku ukipata nafasi, mwambie akupeleke. Mara nyingi mtakuta ni jiwe tu, nanyi mtarudi nyumbani mkizungumza. Hata hivyo mtoto atakuwa amejifunza kwamba neno lake hupimwa kwa kutazamwa, na kesho hataogopa kulileta jingine.