Meza ya Kung'olea Fataki

Msafiri atokaye mjini Mumias kuelekea Musanda hupita baina ya mashamba ya miwa na vibanda vya mafundi wa jua kali wachomeleao milango, madirisha na mikokoteni, na ndani ya vibanda hivyo hakosi kuona meza nzito ya mbao iliyofungiwa jiriwa ukingoni, na juu yake tupa, nyundo, tindo, vipande vya nondo, kikombe cha chai kilichonywewa nusu, na kopo la vitu vidogo vidogo ambavyo mwenye kibanda tu ndiye ajuaye vilikotoka. Hiyo ni meza ya kazi zote, na ufundi wetu mwingi umekulia juu ya meza ya namna hiyo. Meza ninayokusudia kuieleza leo ni ya tabia nyingine kabisa, kwa kuwa imetengwa kwa kazi moja tu, nayo ni kung'oa fataki iliyokwisha kuwaka katika kitako cha ganda la risasi, ili ganda lile la shaba lipate kusafishwa, kutiwa fataki mpya, baruti na risasi, na kupigwa mara ya pili, ya tatu, hata ya saba. Huku Musanda meza hiyo haipo, wala katika nchi ambayo bunduki na risasi zi chini ya leseni si jambo la mtu kuamka asubuhi akaliweka kwa hiari yake. Ipo katika nchi kama Marekani, ambako walenga shabaha wengi hujitengenezea risasi nyumbani mwao. Hata hivyo mtu wa nchi ya Wanga anayo sababu ya kuijua, kwa maana kile kikombe kidogo cha fataki, kisichozidi ukubwa wa punje ya dengu, kilipata kuamua mambo makubwa katika ardhi yake.

Waungwana wa pwani walipopandisha misafara yao hata kufika kwa Shiundu, mtawala wa Wanga, na baadaye kwa mwanawe Nabongo Mumia, mahali alipopita Joseph Thomson mwaka 1883 na Askofu Hannington mwaka 1885 kabla ya kuuawa Busoga, bunduki waliyochukua aghalabu ilikuwa gobori, lile la kumiminiwa baruti mdomoni, likatiwa utambi wa kitambaa na marisaa, kisha likashindiliwa kwa mdeki. Gobori lilikuwa na kasoro nyingi, lakini lilikuwa na sifa moja ambayo bunduki zilizofuata hazikuwa nayo, nayo ni kuvumilia umaskini: marisaa yakiisha, mtu aliweza kukata waya au kutafuta kokoto, jiwe la gumegume likivunjika, lilitafutwa jingine, na baruti, ijapokuwa ya biashara, ilipatikana kwa pembe na kwa ngozi. Yalipokuja magobori ya fataki, mambo yakageuka kidogo. Mtambo ule ulidai kikombe cha shaba chenye dawa ya kulipuka, na dawa ile haikuchimbwa popote wala haikufuliwa na mhunzi yeyote, si wa Samia aliyejua chuma kuliko jirani zake wote, wala wa pwani. Ililazimu ije kwa bahari.

Walioandika Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 walilifahamu jambo hilo vizuri. Kwa hoja ya kukomesha biashara ya watumwa, walikataza kuingizwa kwa bunduki za kisasa na risasi zake katika sehemu yote ya Afrika iliyo baina ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa Ikweta, ila kwa masharti mazito, wakaacha mlango wazi kwa gobori la gumegume na baruti ya kawaida ya biashara. Hoja ilikuwa njema, na matokeo yalimfaa aliyeitoa: kampuni na serikali zikabaki na risasi za kutiwa nyuma ya kasiba, na wenyeji wakaachiwa silaha ya babu zao. Mwaka 1895, Waingereza walipotoka Mumias pamoja na Wasudani na Wawanga kwenda kupigana na Wabukusu, hata kuzivunja boma za Lumboka na Chetambe, chanzo cha ugomvi kilikuwa bunduki zilizotwaliwa na Wabukusu kutoka kwa askari. Nimejiuliza mara nyingi bunduki zile zingedumu kwa muda gani mikononi mwao hata kama wangeachiwa, maana bunduki ya namna ile, akiba ya risasi ikiisha na pasiwe na fataki ya kuitia upya, hurudi kuwa gongo lenye bomba la chuma.

Sasa tuliangalie ganda lenyewe kwa karibu. Ukiligeuza chini juu utaona duara dogo katikati ya kitako, na katika duara hilo kishimo kama kilichotobolewa kwa ncha ya msumari butu: hapo ndipo pini ya bunduki ilipogonga. Fataki hiyo imekazwa ndani ya mfuko wake kwa nguvu ya mkazo peke yake, na kwa risasi za kijeshi ukingo wa shaba hubanwa juu yake kusudi isitoke. Kuing'oa kunategemea ganda limeumbwaje, na hapa pana kichekesho cha historia. Mwaka 1866 watu wawili, wote wanajeshi, walipata hati za uvumbuzi wao: Edward Boxer wa Uingereza, aliyekuwa msimamizi wa maabara ya kifalme pale Woolwich, na Hiram Berdan wa Marekani. Boxer aliweka fuawe, yaani kile kidude ambacho dawa husagwa juu yake inapogongwa, ndani ya fataki yenyewe, akaacha tundu moja la moto katikati ya kitako cha ganda. Berdan aliifanya fuawe kuwa sehemu ya ganda, akatoboa matundu mawili madogo ubavuni mwake. Ulimwengu ukabadilishana zawadi: Marekani ikachukua mtindo wa Mwingereza, na Ulaya kwa sehemu kubwa, pamoja na viwanda vya Uingereza vyenyewe, ikafuata ule wa Mmarekani.

Tofauti hiyo, ambayo machoni pa asiyehusika ni ndogo mno, ndiyo iliyoamua nani ataweza kutia risasi upya nyumbani na nani hataweza. Ganda la Boxer huingizwa sindano ya chuma kwa mdomoni, ikapita katika lile tundu la katikati, ikaisukuma fataki kutoka nje kwa pigo moja; mtoto wa fundi angejifunza kwa nusu saa. Ganda la Berdan halina tundu la katikati, na sindano ikishuka hukutana na fuawe, ikapinda au ikakatika. Wenye nalo hulazimika kuitoboa fataki kwa nje na kuinyanyua kwa ndoana, au kulijaza ganda maji na kulipiga kwa kijiti kinachoziba mdomo barabara, ili maji yapite katika matundu mawili na kuisukuma fataki itoke, pamoja na kumlowesha mpigaji. Ndiyo maana mwenye meza ya kazi hii huanza kwa kumulika kurunzi ndani ya kila ganda: tundu moja, endelea, matundu mawili, weka kando.

Mwindaji W. D. M. Bell, aliyetumia mji wa Mumias kuwa mahali pa kuondokea alipokuwa akienda kuwinda ndovu Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20, alisifu risasi za Kijerumani alizozitumia katika bunduki yake ndogo ya milimita 7 kwa sababu moja iliyo wazi: hazikumsaliti kwa kuchelewa kuwaka. Mtu aliye hatua chache tu mbele ya ndovu dume hana nafasi ya kusubiri fataki ifikiri. Wawindaji wa kulipwa wa Kenya waliofuata baada yake walitegemea risasi kubwa za gharama zilizotoka Uingereza, nyingi za mtindo wa Berdan, kwa hiyo hazikuwafaa sana kuzitia upya. Na serikali ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, haja yenyewe ikaondoka.

Kwa nini basi kazi ya pigo moja ipewe meza yake? Jibu la kwanza ni uchafu, na uchafu huu una nasaba ndefu. Fataki za zamani zilikuwa na chumvi ya zebaki, na zebaki ni adui wa shaba: hupenya ndani yake na kuifanya iwe kavu, ya kukatika, hata ganda likapasuka lipigwapo mara ya pili. Ikaja dawa nyingine iliyoacha chumvi ya kuvuta unyevu, ndiyo sababu askari wa zama za bunduki ya .303 walifundishwa kumwaga maji ya moto ndani ya kasiba wamalizapo kupiga, wasije wakakuta kutu asubuhi. Dawa iliyoenea sana leo haili shaba wala chuma, bali inakula mwanadamu, maana ina madini ya risasi, na ikiisha kuungua huacha masizi na vumbi laini ambalo huganda kwenye vidole, likaingia chini ya kucha na kutua juu ya kila kilicho karibu. Wakenya hatuhitaji kuhadithiwa na wageni madhara ya madini hayo: wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 wakaamuliwa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Vumbi la fataki ni dogo kuliko moshi wa kiwanda, lakini mwili wa mtoto hautofautishi lilikotoka. Mtu hamparii samaki magamba juu ya sinia ya kukandia unga, na kwa hekima iyo hiyo fataki kongwe haing'olewi mahali panapopimwa baruti, wala jikoni, wala katika chumba wanamochezea watoto.

Meza yenyewe haina fahari. Inatosha iwe nyembamba ya kusimama ukutani, mradi iwe nzito na miguu yake isitikisike, na uso wake ufunikwe kwa bati au plastiki ngumu, kwani mbao tupu hunywa vumbi na halitoki tena. Juu yake hufungwa kwa skrubu kishinikizo kidogo cha mkono: ganda husimamishwa, wenzo huvutwa chini, sindano hushuka, unasikia *tak*, na fataki huteleza ndani ya bomba la mpira hadi kwenye chupa iliyo chini ya meza. Kivutio chote cha kuwa na kishinikizo cha pekee kipo hapo. Maganda yaokotwayo uwanjani huja na mchanga, na mchanga ukiingia katika kile chombo ghali cha kurudishia ganda umbo lake, hukikwaruza, nacho hulikwaruza kila ganda lifuatalo. Bali sindano ya kung'olea haigusi ubavu wa ganda, kwa hiyo mchanga hauidhuru, na ikikatika hununuliwa nyingine kwa bei ndogo. Fataki ikitolewa kwanza, maji ya kuoshea huufikia hata mfuko wake, ambao vinginevyo ungebaki na masizi yake milele.

Baada ya kuosha, wengi huyang'arisha maganda ndani ya pipa litikisikalo lililojazwa chembe kavu, na katika chembe zipendwazo kuliko nyingi ni magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Musanda magunzi huwashiwa moto au hulala nyuma ya jiko mpaka yaoze, ilhali katika maduka ya Marekani huuzwa kwa mifuko. Sitii neno juu ya hilo, ila nadhani mkulima wetu angefurahi kulijua.

Masharti ya mezani ni machache, na yote yana sababu. Miwani ya kukinga macho isivuliwe, kwa kuwa hutokea ganda lenye fataki isiyowaka likaingia kundini bila kuonekana. Ganda la namna hiyo halipigiwi sindano, huwekwa mbali. Glavu zivaliwe. Hapaliwi wala hapavutwi sigara hapo. Sakafu haifagiwi kavu bali hufutwa kwa kitambaa chenye maji, na mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kushika kitu kingine chochote.

Liko jambo moja ambalo vitabu vya ufundi huu hulipita upesi, nami naliona kuwa zito kwa nchi kama yetu. Kile kishimo cha pini juu ya fataki ni ushahidi. Pini ya kila bunduki huacha alama yake, na mpelelezi aokotaye ganda mahali pa uhalifu hulitazama hapo kwanza, kulilinganisha na maganda mengine. Aing'oaye fataki hutenganisha ganda na shahidi wake, na kwa hiyo serikali yoyote iliyo na haki ya kuuliza bunduki ilikuwa wapi usiku fulani haiwezi kuichukulia meza hii kama ya kuchongea penseli. Sheria ya Kenya humwandikia mwenye leseni hata kiasi cha risasi anachoruhusiwa kuwa nacho, na askari arudipo kutoka uwanja wa shabaha huulizwa maganda. Risasi zenyewe nchini hutengenezwa na shirika la serikali huko Eldoret, kwa mitambo na kwa hesabu. Katika mazingira hayo, anayetaka kuijua kazi hii aianzie katika afisi ya leseni kabla hajamwita seremala wa meza, tena aulize kwa maandishi na ahifadhi jibu.

Inabaki ile chupa. Fataki kongwe zijaapo, mwenye meza hukabiliwa na kilo moja au mbili za shaba yenye masizi ya sumu, shaba ambayo mnunuzi wa vyuma chakavu angeipima kwa furaha. Lakini tangu Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 mnunuzi huyo naye sharti awe na leseni na aandike alichonunua na kwa nani. Chupa hufungwa kwa kifuniko, huandikwa kilichomo, huwekwa juu mahali watoto wasipofika, na haimwagwi shimoni karibu na kisima.