UZI: Kwelea wa mpunga. Nani aruhusiwe kumwinda, na kwa njia gani?

Kila msimu wa mpunga na mtama hii hoja hurudi. Mheshimiwa mmoja anapanda jukwaani anasema ndege wauawe wote. Mwingine anamjibu kwamba sheria hairuhusu kuua wanyamapori. Wafuasi wanaanza kurushiana maneno huku mtandaoni, na mkulima wa Ahero bado yuko shambani anapiga debe. Hebu tuifungue polepole. Kama kawaida ya hapa, hakuna jina la mtu wala la chama.

Kwanza mjue tunaongea juu ya ndege gani. Kwelea ni mdogo kama shomoro, uzito wake gramu 20 hivi, dume ana mdomo mwekundu. Hakuna ndege wa porini aliye wengi kumliko duniani. Makadirio hufika bilioni 1.5 baada ya msimu wa kuzaa.

Kwa hiyo yule anayesema tukimwinda atatoweka kama kifaru, hapo amekosea mfano. Na yule anayeahidi "kuwamaliza" anauza hewa. Afrika Kusini imekuwa ikiangamiza makundi yao kwa miongo mingi na kwelea bado wapo.

Sasa hesabu. Kwelea mmoja hula karibu gramu 10 za mbegu kwa siku. Utasema si kitu. Lakini kundi la ndege milioni 2 ni tani 20 kwa siku, yaani zaidi ya magunia 220 ya kilo 90. Kwa siku MOJA. Na wanarudi kesho asubuhi.

Januari 2023 iliripotiwa kwamba karibu ekari 300 za mpunga zilikuwa zimeliwa Kisumu, na mpango wa serikali ulikuwa kuua hadi ndege milioni 6 kwa kupuliza dawa. Ilifika hata kwa magazeti ya ng'ambo. Wengi walishtuka na hiyo idadi ya ndege. Wachache waliuliza ni dawa gani.

Kwa nini wanakuja shambani? Chakula chao cha kawaida ni mbegu za nyasi za porini. Mvua ikikosekana nyasi hazizai mbegu, na mpunga wa kumwagilia unabaki ndio meza pekee iliyoandaliwa. Mwaka huo wa 2023 tulikuwa ndani ya ukame mrefu kuliko wowote kwa miaka 40 katika Pembe ya Afrika. Kwelea hakuamka tu siku moja na chuki ya wakulima wa Kano.

Njia ya wazee ni kuamia: unajenga ulingo, unakaa juu yake kutoka alfajiri hadi jioni, unapiga kelele, unatupa mawe kwa kombeo. Inafanya kazi, hasa kama kundi ni dogo. Shida ni kwamba unawafukuza tu waende kwa jirani, na mtu lazima awe pale kila siku hadi mavuno. Huyo mtu mara nyingi ni mama, au mtoto ambaye angekuwa darasani. Hii gharama haiandikwi kwa bajeti yoyote, ndiyo maana ni rahisi kwa mtu wa Nairobi kusema "si wawafukuze tu?"

Twende kwa sheria. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Lakini ndege wa kupigwa bunduki kwa starehe, kama kanga na kwale, waliendelea kuwindwa kwa leseni miaka mingi baada ya hapo. Hiyo sehemu husahaulika kwa midahalo. Mwenye bunduki na kofia alikuwa na karatasi, mwenye mtego alikuwa jangili.

Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ilikaza zaidi: kuwinda kwa starehe ni kosa, kuwinda ili ule nyumbani ni kosa, kuuza nyamapori ni kosa. Kwa maneno hayo, mkulima anayetega kwelea na kuwapeleka sokoni anajiweka pabaya, hata kama ni ndege wale wale waliomla mpunga. Lakini serikali ikiwapulizia dawa usiku, huo unaitwa udhibiti wa waharibifu wa mimea. Ndege ni yule yule. Mkono tu ndio tofauti.

Na fidia? Usidanganywe kwa mkutano. Ile orodha ya wanyama ambao uharibifu wao hulipwa chini ya sheria hiyo ina ndovu na wenzake. Kwelea hayumo. Ukiahidiwa fidia ya kwelea, uliza ni kwa kifungu gani.

Sasa dawa yenyewe, hapa ndipo nataka mkae kidogo. Inaitwa fenthioni. Hupulizwa jioni pale ndege wanapolala, kwa ndege ya kuruka, gari au pampu ya mgongoni. Inashambulia mishipa ya fahamu, na haichagui. Mwewe, tai au bundi akimla kwelea anayekufa, naye anakunywa sumu. Samaki pia huathirika ikifika majini, na mashamba yetu mengi ya mpunga yako karibu na mito na ziwa.

Mwaka 2025 aina kali ya fenthioni inayotumika kwa ndege hawa iliongezwa kwenye orodha ya Mkataba wa Rotterdam. Msichanganyikiwe: kuwekwa humo si kupigwa marufuku. Maana yake ni kwamba nchi inayonunua lazima ijulishwe hatari na itoe idhini kabla mzigo haujaletwa. Yaani kuna afisa wa nchi yako ambaye lazima aseme ndiyo au la. Hilo ni swali halali kabisa la kisiasa na sijasikia likiulizwa jukwaani.

Nchi iliyoomba dawa hiyo iingizwe kwenye orodha ni Chad. Kwa nini nawataja? Kwa sababu huko watu hutega kwelea kwa nyavu, mamilioni kila mwaka, na kuwauza N'Djamena kama chakula. Hapa karibu, Kondoa katikati ya Tanzania, wanakijiji nao huwatega na kuwala. Kwa hiyo wazo la kuwinda kwelea si utani wa mtandaoni. Ni kazi ya watu.

Lakini tusijidanganye kuhusu ukubwa wake. Tuseme kikosi chenye nyavu nzuri kinanasa ndege 5,000 kwa usiku mmoja. Kundi la milioni 2 litahitaji vikosi 400 usiku huo, au kikosi kimoja kwa mwaka na zaidi. Mpunga hausubiri mwaka. Mitego inapunguza na inaleta kitoweo, lakini kama kundi kubwa limeshatua, mitego peke yake haitaokoa mavuno ya wiki ijayo. Wanaounga mkono uwindaji mara nyingi huruka hapa.

Kuna kitu kigumu kuliko hicho, nacho ndicho naona kinapaswa kuamua mdahalo wote: HUWEZI kuruhusu nyavu na dawa mahali pamoja. Ukihalalisha nyama ya kwelea sokoni leo, na kesho wizara ipulizie kituo cha maili tatu kutoka hapo, mama anayenunua fungu la ndege atajuaje hawa walinaswa au waliokotwa? Ndege aliyenyonyolewa na kukaangwa hana alama.

Na si hofu ya kubuni. Kule Bunyala ilishaandikwa na watafiti kwamba watu walikuwa wakiua korongo, bata na njiwa wa porini kwa kutega karbofurani, dawa ya wadudu ya shambani, halafu nyama inauzwa na kuliwa. Bila soko halali ilitokea. Kwa hiyo anayetaka uwindaji uruhusiwe lazima aje na jibu la ukaguzi, wala si kusema tu "ni protini ya bure".

Halafu hiyo ahadi ya soko. Mnakumbuka kware wa 2013 na 2014? Kila mtu alikuwa na kizimba, mayai yaliuzwa kama dawa ya kila ugonjwa, foleni za vibali kwa shirika la wanyamapori. Miezi michache baadaye bei ikaanguka na watu wakabaki na ndege wasiojua wawapeleke wapi. Kwelea kwa chakula cha kijiji, sawa. Kwelea kama "kiwanda cha ajira kwa vijana", nionyeshe mnunuzi kwanza.

Kwa maoni yangu ruhusa yenye maana ingekuwa ndogo sana: nyavu pekee, kwelea pekee, kwa vikundi vya wakulima vilivyosajiliwa, katika eneo lililotengwa ambalo dawa haitapulizwa msimu huo. Maeneo mengine dawa ibaki ya mwisho, na tangazo litolewe mapema kwa lugha ya wenyeji.

Nani ana mamlaka? Kilimo cha mimea kimegatuliwa, ni cha kaunti chini ya Katiba ya 2010. Wanyamapori ni wa serikali kuu. Ndege ya kupulizia dawa hakuna kaunti inayoiegesha nyuma ya ofisi. Ndiyo maana gavana hunyoosha kidole Nairobi, na Nairobi hunyoosha kidole kwa gavana, na wote wawili kitaalamu hawajadanganya. Ukipata nafasi ya kuuliza swali, usiulize "mtafanya nini na ndege?" Uliza nani anasaini idhini ya dawa, na nani anatangaza kijijini kabla ya kupuliza.

Na kwa walio karibu na mashamba ya mpunga sasa hivi: ukikuta kwelea wengi wamelala chini asubuhi, wengine bado wanatetemeka, usiwaokote. Usiwape mbwa wala paka. Waambie watoto wasiwashike, na mpigie afisa wa kilimo wa wadi.