Kiwewe cha Mwandishi wa Nyumbani

Barabara ya Eldoret kwenda Kitale inapita Matunda na Moi's Bridge, na msafiri asiyeyajua maeneo hayo hawezi kusema ametoka kaunti gani akaingia ipi. Likuyani, pembe ya kaskazini ya Kakamega, inapakana na Uasin Gishu na Trans Nzoia. Watu huuziana mahindi, huoana, huzikana. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliugeuza ujirani wa namna hiyo kuwa hofu. Tume ya Jaji Waki, iliyozichunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133 nchini kote. Waliobaki na picha vichwani, wakiwemo waandishi wa habari, hawamo katika hesabu hiyo.

Mwaka 2015 daktari wa akili Anthony Feinstein wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake walichapisha utafiti juu ya waandishi 57 wa Kenya. Walioripoti ghasia za uchaguzi walikuwa na dalili nzito za kiwewe kuliko wenzao: kumbukumbu zinazoingia bila hodi, kukwepa yanayokumbusha, mwili usiotulia. Lakini kwa shambulio la 2013 kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, waliokwenda kuliripoti na wasiokwenda hawakutofautiana sana.

Kwa nini? Naamini jibu ni ukaribu. Westgate, aliyeshambulia alikuwa mgeni. Mwaka 2008 mwandishi aliripoti jirani dhidi ya jirani, huku akiwaza jina lake la ukoo litasomwaje kwenye kizuizi cha barabarani.

Hofu kali huiamsha sehemu ya ubongo iitwayo amigdala, na hipokampasi, inayolipa tukio mahali na wakati wake, hulemewa. Basi harufu ya moshi inatosha kuirudisha jana iwe kama sasa. Kiswahili kimeliweka neno kiwewe karibu na kuweweseka, kusema usingizini yale mchana ulioyanyamazia.

Mpigapicha Boniface Mwangi, aliyepiga picha za ghasia za uchaguzi, alizipeleka barabarani mwaka 2009 katika maonyesho ya Picha Mtaani, wapita njia wakasimama, wakatazama, wakazungumza. Sanaa iliwapa watu mahali pa kusemea kwa sauti.

Mwandishi wa mashinani mara nyingi hulipwa kwa kila habari, na hana mshauri nasaha. Jioni hurudi kulala kijiji kile kile alichokiripoti. Mhariri wa Nairobi humpigia simu kuuliza idadi ya waliokufa. Ampigie tena kesho yake, amuulize kama alipata usingizi.